Mizani ya Cheche: Kufufua Kipimo cha Kale cha Koili

(Hotuba iliyosomwa Mwazye mbele ya wanachama na viongozi, katika sherehe ya kutimiza miaka kumi ya Chama Kikuu)



Sisi wa karakana ya Chama Kikuu tumesimama mbele yenu siku hii. Wenzetu waliotangulia wamekwisha kusema habari za mahindi, maharage, alizeti na ulezi, na habari za hesabu za fedha. Hatuna nia ya kurudia yaliyosemwa vizuri kuliko tuwezavyo sisi. Tumeombwa tuseme juu ya jambo moja la kazi yetu, nalo ni kile chombo cha kale cha kupimia koili za mashine za petroli: ni kitu gani, chahitaji umeme wa namna gani, chafufuliwaje, na kwa sababu gani Chama cha wakulima kinapaswa kukijali.

Huenda wako watakaouliza, mkulima ana shauri gani na koili? Twawajibu hivi. Pampu ya kumwagilia bustani ya mboga ni ya petroli. Pikipiki ipelekayo mbegu shambani na kurudisha magunia ghalani ni ya petroli. Msumeno wa mashine, jenereta ndogo ya dukani, na mashine ya boti kule Kasanga ni za petroli. Dizeli hujiwakia yenyewe kwa joto la hewa iliyobanwa, na kwa hiyo mashine za kusaga za dizeli hazina koili. Lakini petroli haiwaki bila cheche, na cheche huzaliwa ndani ya koili. Cheche ikikosekana, mashine yote ni chuma tu.

Sasa tazameni yampatayo mwenzetu ambaye mashine yake imekataa kuwaka wakati wa kupanda. Huenda mjini, naye muuzaji humwambia koili imekufa, anunue mpya. Hununua. Akiifunga, mashine bado haiwaki, kwa kuwa ubovu ulikuwa katika kondensa, au katika waya wa plagi, au kwa sababu koili mpya yenyewe ni bandia iliyopakwa rangi nzuri. Hurudi mjini mara ya pili. Muuzaji asema, "Fundi wako ameiunguza." Fundi asema, "Spea yako ni mbovu." Mkulima amesimama katikati, fedha zimekwenda, mvua zinapita, wala hapana awezaye kukata shauri hilo, kwa maana hapana kipimo.

Ndugu wanachama, shauri hili twalifahamu tangu zamani kwa jina jingine. Ni shauri la mizani. Wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro walianza kujikusanya mwaka 1925, na mwaka 1933 wakaunda chama chao kikuu cha KNCU, baada ya sheria ya vyama vya ushirika ya mwaka 1932. Walitaka wauze pamoja, na mkulima ajue thamani ya mali yake. Na baadaye, vyama vyenyewe vilipoanza kulalamikiwa na wanachama, Tume ya Rais ya mwaka 1966 iliundwa kuchunguza mwenendo wake. Vyama vikuu vilivunjwa mwaka 1976, vikarudishwa kwa sheria ya mwaka 1982. Katika safari hiyo yote mwanachama amekuwa akiuliza jambo lile lile: nani anapima, anapima kwa nini, na nani amemhakiki mpimaji? Kipimo cha koili ni mizani ya cheche. Kikiwa sahihi huwaondolea watu ugomvi. Kikiwa kibovu ni hatari kuliko kutokuwa nacho, maana uongo wake huaminiwa.

Tena si jambo geni katika nchi ya Ufipa kwamba kitu kipite katika jaribio kabla ya kukubaliwa. Wazee wetu waliyeyusha chuma katika matanuru marefu ya udongo, yale malungu, ambayo yalivuta hewa yenyewe bila mivukuto. Lakini chuma kilichotoka humo hakikupelekwa moja kwa moja kufuliwa jembe. Kilitiwa tena katika tanuru dogo lenye mivukuto, liitwalo kintengwe, kikasafishwa kwa moto wa pili. Nasi twasema, spea ya mashine nayo ipite katika moto wake wa pili.

KOILI NI NINI

Mwaka 1831 Mwingereza Michael Faraday alionyesha kwamba nguvu ya sumaku ikibadilika karibu na waya, umeme huzaliwa katika waya huo. Koili yafuata kanuni hiyo. Ndani yake mna kiini cha chuma, na juu ya kiini zimezungushwa nyaya mbili. Waya wa kwanza ni mnene, nao huzungushwa mara mia chache. Waya wa pili ni mwembamba kama unywele, nao huzungushwa maelfu ya mara, pengine 20,000. Umeme wa betri wa volti 12 hupita katika waya mnene na kukifanya kiini kuwa sumaku. Ndipo pointi hufunguka kwa ghafula, umeme hukatika, sumaku huanguka, na katika waya mwembamba huzuka umeme wa volti 15,000, 20,000 au zaidi. Huo ndio urukao katika plagi. Kondensa iliyofungwa sambamba na pointi huufanya mkato uwe wa ghafula, na huzilinda pointi zisiungue.

Namna hii ya kutumia betri, koili na pointi ilitengenezwa na Charles Kettering huko Marekani, na magari ya Cadillac yalianza kuitumia mwaka 1910. Kabla ya hapo, na hata baadaye kwa miaka mingi, gari la Ford Model T, lililotengenezwa tangu 1908 mpaka 1927, lilikuwa na koili nne ndani ya visanduku vya mbao, kila silinda na koili yake. Mafundi walizipima kwa chombo cha kuzungusha kwa mkono: fundi akageuza mpini, sumaku zikazunguka, mita ikasoma, cheche zikaonekana. Mpaka leo wapenzi wa magari hayo wanazifufua mashine hizo za mkono na kuzitumia. Twalitaja hili makusudi, ili asiwepo wa kusema kwamba mahali pasipo na nguzo za umeme hapawezi kuwa na kipimo.

Hata katika ziwa letu la Tanganyika cheche ya petroli ni mgeni wa siku nyingi. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza Waingereza walizileta boti mbili, Mimi na Toutou, kwa meli mpaka Afrika ya Kusini, kisha kwa reli, kisha zikaburutwa milimani katika nchi ya Kongo kwa mashine za mvuke na maksai, na mwishowe zikafika ziwani. Zote mbili ziliendeshwa kwa petroli. Tarehe 26 Desemba 1915 ziliiteka meli ya Wajerumani iitwayo Kingani, na tarehe 9 Februari 1916 Hedwig von Wissmann ikazamishwa. Meli kubwa zaidi, ile Goetzen iliyokuja kuitwa Liemba, ilikuwa ya mvuke, isiyohitaji koili. Boti ndogo zikazishinda meli za mvuke, lakini plagi zisingalitoa cheche, zingalikuwa mbao za kuelea tu.

KWA NINI MITA PEKE YAKE HAITOSHI

Mafundi wengi vijana hupima koili kwa mita ndogo ya mkononi, ile isomayo ukinzani kwa omu. Kazi hiyo ni njema na yafaa ianze hiyo. Koili ya kawaida ya volti 12 husoma karibu omu 3 katika waya mnene. Ile inayofungwa pamoja na rezista ya nje husoma karibu omu 1.5. Waya mwembamba husoma maelfu kadhaa ya omu. Mita ikionyesha kwamba waya umekatika kabisa, shauri limekwisha.

Lakini ubovu ulio mwingi haujifichui hivyo. Tuseme katika waya mwembamba wenye mizunguko 20,000, mizunguko 50 imegusana kwa sababu rangi ya kuutenga imeungua. Ukinzani utapungua kwa sehemu ndogo sana, chini ya moja katika mia, wala mita ndogo haitaona tofauti. Lakini mizunguko ile iliyogusana hugeuka kuwa pete inayoila nguvu ya sumaku kila mara pointi zinapofunguka, na cheche hudhoofika sana. Kadhalika iko koili iliyo nzima ikiwa baridi, na ikipata joto la kazi huanza kuvuja. Mita ya mkononi hupima kwa betri ndogo ya volti chache, nayo haiwezi kufichua uvujaji unaotokea kwenye volti 15,000.

Chombo cha kale chafanya kazi kwa njia nyingine. Chaipa koili umeme wake halisi, chaukata na kuurudisha mara nyingi kwa sekunde kama pointi zifanyavyo, na kuilazimisha koili irushe cheche katika nafasi ya wazi kati ya sindano mbili. Nafasi hiyo hupanuliwa kwa skrubu, na kipimo chake husomwa kwa milimita. Katika vyombo vilivyo bora ipo sindano ya tatu, imesimama kando bila kuunganishwa na waya wowote. Kazi yake ni kuiandaa hewa, ili cheche iruke kwa volti ile ile kila mara, bila kusitasita. Kisha koili huachwa ikifanya kazi kwa dakika kumi mpaka ipate joto, ikapimwa mara ya pili. Hapo ndipo ukweli hujulikana.

KABLA YA KUKIWASHA

Vyombo vya namna hii vilikuwa vingi katika gereji za miaka ya 1950 na 1960, wakati wa Land Rover za petroli, malori ya Bedford na matrekta madogo ya Ferguson. Vingine viliitwa Crypton, vya kutoka Uingereza. Vingine vilitoka Marekani. Gereji zilipofungwa, vyombo vilisukumwa pembeni ya stoo, vikawa kiota cha panya. Chetu pia kilikuja kwetu katika hali hiyo, kimejaa vumbi na kutu, na watu wa vyuma chakavu walikuwa wamekwisha kukipima kilo zake.

Kanuni ya kwanza, ndugu zetu, ni hii: chombo kilicholala miaka thelathini kisichomekwe kwenye umeme kwa kutaka tu kuona kama kinawaka. Hapo ndipo vyombo vingi vizima huunguzwa. Kifungueni kwanza. Ondoeni vumbi kwa brashi kavu, msitumie maji. Mkojo wa panya hula shaba, basi kila kiungo kilichogeuka kijani kisafishwe kwa spiriti na kulehemiwa upya. Mpira wa waya uliopasuka ubadilishwe wote. Waya wa kupeleka umeme mkali kwenye sindano uwe mpya, wenye kiini cha shaba.

Kisha tazameni kapasita. Za karatasi na nta hunyonya unyevu na kuvuja. Zile za maji ya dawa hukauka. Mara nyingi ni hizo zilizokiua chombo. Ziwekwe mpya zenye uwezo ule ule, na volti zisizopungua zile zilizoandikwa. Lakini tahadharini na kapasita za kale za mafuta na transfoma zilizojazwa mafuta. Baadhi zina kemikali ziitwazo PCB, ambazo Mkataba wa Stockholm wa mwaka 2001 ulipiga marufuku kutengenezwa kwa sababu ni sumu isiyooza. Mafuta hayo yasimwagwe shambani, yasichomwe, wala yasipakwe mbao. Yahifadhiwe katika chombo kilichofungwa, na Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira liulizwe namna ya kuyaondoa.

Rektifaya za kale zilitengenezwa kwa seleni, nazo huonekana kama sahani nyembamba zilizopangwa kwenye mshikaki. Zikizeeka hupunguza umeme, na zikiungua hutoa harufu mbaya yenye sumu. Mahali pake pawekwe dayodi za silikoni. Lakini dayodi hupitisha umeme kwa urahisi kuliko seleni, na kwa hiyo volti zitapanda. Yapasa kuongeza rezista ili zirudi pale alipozikusudia mtengenezaji. Asiyejua hili atakiona chombo chake kikizisifu koili zote, hata mbovu.

Pointi za kikata umeme zisafishwe kwa kadi laini yenye spiriti. Msasa wa kukwaruza hauzifai. Sindano za cheche ziwe kali na safi, maana sindano butu hudai volti nyingi zaidi ili kurusha cheche mahali pale pale. Mita iwekwe sifuri kwa skrubu yake ya nje, wala kioo chake kisifunguliwe bila haja.

UMEME WA KUKILISHA

Kuna vyombo vya aina tatu, na kila kimoja chataka chakula chake. Someni kibao cha mtengenezaji kabla ya jambo lolote.

Aina ya kwanza hutumia betri, volti 6 au 12. Hii ndiyo yenye manufaa kwa kijiji, kwa kuwa betri yaweza kuchajiwa kwa mwanga wa jua. Koili ya volti 6 isipimwe kwa volti 12. Itapata joto na kuungua. Koili inayotaka rezista ya nje ipimwe pamoja na rezista hiyo. Betri iwe imejaa, na volti zake zisomwe wakati koili inafanya kazi, kwa sababu betri dhaifu huifanya koili nzima ionekane mbovu, naye mwenye nayo akanunua nyingine bure.

Aina ya pili ni ya Uingereza, ya volti 200 mpaka 250 na hezi 50, yaani mapigo 50 kwa sekunde. Hii yaafikiana na umeme wetu wa volti 230. Mara nyingi iko swichi au skrubu ya kuchagua volti. Iwekwe mahali pake.

Aina ya tatu ni ya Marekani, ya volti 110 mpaka 120 na hezi 60. Hapa watu wengi hununua transfoma ya kushusha volti, wakadhani kazi imekwisha. Wamesahau mapigo. Transfoma iliyokusudiwa hezi 60 ikipewa hezi 50 kwa volti zile zile, chuma chake hushiba sumaku kupita kiasi na kupata joto. Njia ya salama ni kupunguza volti kwa uwiano huo huo, sehemu tano kwa sita: palipoandikwa volti 117 patolewe 97 hivi. Kisha kipimo chote kihakikiwe upya, maana volti za ndani nazo zimeshuka.

Wenye kutumia inveta ya sola watumie ile itoayo wimbi laini. Inveta za bei ndogo hutoa wimbi la ngazi ngazi. Transfoma ya kale hunguruma na kupata joto, na mita za kale husoma uongo.

Siku ya kuwasha kwa mara ya kwanza, fungeni katika mfuatano taa ya kale ya waya ya wati 60. Taa ikiwaka kwa nguvu zote na kubaki hivyo, ndani mna mgusano, zimeni. Ikiwaka kidogo kisha ikafifia, endeleeni. Chombo kiwe na fyuzi, na sanduku lake la chuma liunganishwe na waya wa ardhi. Vyombo vingi vya kale havikuwa na waya huo, na huo ni upungufu usiovumilika.

KIMO CHA UFIPA

Sasa twafika penye jambo ambalo halimo katika vitabu vya watengenezaji, na ambalo sisi wa nchi ya juu hatuna budi kulijua.

Cheche hupenya hewa. Hewa nzito huizuia zaidi, hewa nyepesi huizuia kidogo. Sumbawanga iko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari. Katika kimo hicho mgandamizo wa hewa ni kama sehemu 80 katika 100 za ule wa pwani. Ziwa Tanganyika liko mita 770 hivi, na mgandamizo wa hewa yake ni kama sehemu 91 katika 100. Maana yake ni kwamba koili irushayo cheche ya milimita 10 Dar es Salaam, kwetu hapa itarusha kiasi cha milimita 12, bila kuwa na nguvu zaidi hata chembe.

Basi fundi wa uwandani akifuata alama ya mtengenezaji jinsi ilivyo, ataipasisha koili iliyo dhaifu. Nayo pengine itafanya kazi hapa hapa, kwa sababu hata silinda ya mashine huvuta hewa hii hii nyepesi. Lakini mvuvi akiichukua na kuishusha Kasanga, silinda itavuta hewa nzito zaidi, nafasi ya plagi itadai volti nyingi zaidi, na mashine itazimika. Mtu anayezimikiwa na mashine katikati ya ziwa, upepo ukivuma, amewekwa katika hatari ya maisha na kipimo kilichosema "nzima".

Dawa yake ni nyepesi. Mahali alipoandika mtengenezaji milimita 10, sisi wa uwandani tudai kiasi cha milimita 12 na nusu. Tena iwekwe koili moja nzuri, iliyohakikiwa, iwe koili ya mfano. Kila asubuhi kabla ya kazi ipimwe hiyo kwanza. Ikisoma tofauti na jana, chombo kichunguzwe kabla ya koili ya mtu yeyote kuhukumiwa.

MIPAKA YA CHOMBO

Haifai tukipe chombo sifa kisizo nazo. Kilitengenezwa kwa ajili ya koili za pointi. Pikipiki nyingi za siku hizi hutumia mfumo uitwao CDI, ambamo kapasita huchajiwa volti mia mbili au zaidi, kisha huachiliwa kwa ghafula katika koili. Koili hiyo isiachwe kwenye umeme wa betri, itaungua. Kadhalika mashine ndogo nyingi za pampu zina koili yenye kifaa cha elektroniki ndani yake, na magari mapya yana koili zilizokaa juu ya plagi zenye kifaa cha namna hiyo. Hizo zisifungwe kabisa katika kikata umeme cha chombo cha kale.

Hata hivyo zile sindano za cheche zina faida kwa zote. Mashine ikipigwa kiki au kuvutwa kamba, waya wa plagi ukiwa umefungwa kwenye sindano, twaweza kuona kama cheche yaruka nafasi iliyowekwa. Lifanyike kwa muda mfupi, na nafasi isizidi kiasi.

Tena twawaonya wote: umeme wa koili humrusha mtu, na mwenye ugonjwa wa moyo au kifaa cha moyo asikaribie. Fundi atumie mkono mmoja, mwingine aweke mfukoni. Petroli isiwepo chumbani, wala matambara yenye petroli, kwa maana cheche hiyo haichagui pa kuwasha.

MAOMBI YETU

Bwana Mwenyekiti, tunayo maombi manne, nayo si ya fedha nyingi.

La kwanza, vyama vya msingi viulize katika stoo za kale, gereji na misheni, na chombo chochote cha kupimia kisiuzwe kwa kilo kabla ya kuonwa na karakana.

La pili, liwepo daftari la vipimo. Kila koili iandikwe tarehe, namna yake, milimita ikiwa baridi na ikiwa moto, na jina la mpimaji. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Daftari hilo litaonyesha baada ya misimu michache ni spea zipi zinazodumu na zipi zinazowahadaa wanachama, na Chama kikinunua kwa jumla kitajua kinanunua nini.

La tatu, mwanachama awe na haki ya kusimama na kuiona cheche ya koili yake kwa macho yake, kama vile anavyosimama mbele ya mizani gunia lake linapopimwa. Asiambiwe matokeo kupitia dirishani.

La nne, vijana wawili au watatu wafundishwe kazi hii, wa kike kwa wa kiume, na wale watakaofundishwa wafundishe wengine. Chombo kimefufuliwa, lakini ujuzi ukibaki kwa mzee mmoja, siku akipumzika chombo nacho kitarudi kwa panya.

Ndugu wanachama, miaka kumi iliyopita kila mmoja wetu alikuwa na gunia lake na hofu yake. Leo tuna ghala, tuna mizani, tuna daftari. Kipimo cha koili ni kitu kidogo katika mali ya Chama, na hakitazidisha mavuno kwa gunia hata moja. Lakini kitamwezesha mkulima kujua, kabla hajatoa shilingi yake, kama anachouziwa ni kizima. Mwenye kujua hilo hadanganyiki kwa urahisi katika mambo mengine pia.

Chombo kimewekwa pale mezani chini ya turubai. Mwenye koili aliyoitilia shaka ailete baada ya mkutano, naye tutampimia mbele ya watu wote.

Ushirika udumu.